Ujenzi wa chuo juu ya kijito chetu: tope tulizuieje kabla ya mvua za vuli?

Mwalimu wa Bondeni:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo yenu, hasa wahandisi, watu wa mazingira na yeyote aliyewahi kuishi jirani na saiti kubwa.

Nafundisha biolojia sekondari moja hapa Dar. Nyuma ya shule kuna bonde, na bondeni kuna kijito ambacho ramani nyingi hazikionyeshi. Hakikauki hata mwezi wa tisa, kwa sababu juu kidogo, chini ya mkuyu mkubwa, kuna chemchemi. Ng'ambo ya bonde, juu ya mteremko, chuo kikuu kimoja kimeanza kujenga hosteli na jengo la madarasa. Chuo sikitaji wala mkandarasi simtaji. Sikuja kumchafua mtu, na hosteli zenyewe nazitaka, maana wanafunzi wangu wengi wakifaulu ndiko watakakokwenda, na najua wanavyoteseka na vyumba vya kupanga.

Shida ni kwamba kijiko kilisafisha mteremko wote kwa mkupuo mmoja. Miembe, michongoma, matete, nyasi, vyote vimeondoka, hata sehemu ambayo kwa maelezo ya mlinzi haitajengwa hadi mwakani. Kilichobaki ni udongo mwekundu ambao mkavu ni unga na mbichi ni utelezi. Kifusi cha msingi wamekilundika ukingoni kabisa, bonge likiporomoka linaangukia majini.

Juzi ilinyesha mvua ya kupita, haikufika hata nusu saa. Nilishuka na vijana wa klabu ya mazingira. Juu ya saiti maji yalikuwa kama siku zote, kokoto unaziona chini. Tulipovuka upande wa chini yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Tukajaza chupa ya lita moja na nusu, tukaiweka dirishani maabara. Asubuhi mchanga ulikuwa umelala chini unene wa sarafu, ila maji juu yake yalikuwa bado mekundu, na hayakutakata hata siku iliyofuata.

Hicho kijito kina uhai, wakuu. Kuna perege wadogo, kambare, kaa wa mtoni, vyura wa aina kadhaa, na mdiria anayekaa kwenye tawi lilelile kila ukipita asubuhi. Mtoto wa kereng'ende anaishi majini muda mrefu kabla hajaota mabawa, na anapumua kwa matamvua. Tope laini likiyaziba, amekwisha. Likifunika kokoto, mayai yaliyoshikamana na mawe yanakosa hewa. Takataka za plastiki tunaziokota Jumamosi na zinaonekana. Tope likishalala chini hakuna wa kuliokota.

Na chini yetu kuna kalavati la barabara, chini ya kalavati kuna nyumba. Kalavati hilo masika iliyopita lilikuwa linapitisha maji kwa shida.

Maswali yangu: mkandarasi tumwombe afanye nini hasa, kwa lugha ya saiti, ili asituone tunamletea siasa? Tumwone nani kwanza? Na tupime nini ili tusiambiwe "hilo tope linatoka kwingine"? Vuli inaanza Oktoba, muda si mwingi.

MtetaHaki:

Mwalimu, hapo msibembeleze. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kifungu cha 81 kinataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi wa aina hiyo kuanza. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Andikeni barua NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) leo, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Wasimamishe kazi kwanza, maongezi baadaye.

Msumeno:

Samahani mwalimu, naona mnatafuta ugomvi na maendeleo. Chuo kinaleta ajira, wapangaji, biashara. Kijito chenyewe hakina hata jina. Halafu kule bondeni si ndiko kina mama wanalima mchicha ndani ya hizohizo mita 60? Mbona hao hamuwasemi?

Nondo 16:

Mwalimu, nimefanya kazi za majengo zaidi ya nusu ya maisha yangu, kwanza kama fundi sanifu wa mkandarasi, sasa upande wa mhandisi mshauri. Ngoja nikupe ya saiti yenyewe.

Kwanza ufahamu kilichotokea kwenye chupa yako, kwa sababu ndicho kitakachoamua mdai nini. Chembe ya mchanga inashuka mita moja ya maji ndani ya dakika chache. Chembe ya mfinyanzi inaweza kuchukua siku kadhaa kushuka mita hiyohiyo. Ndiyo maana mchanga ulilala na wekundu ukabaki. Sasa mkandarasi akikwambia "tutachimba bwawa la kutuamisha tope", mwambie ahsante, achimbe, ila bwawa litakamata mchanga tu. Mfinyanzi utapita juu na kwenda zake. Dawa ya mfinyanzi ni udongo using'oke ulipo.

Piga hesabu. Milimita 50 za mvua kwa siku moja hapa Dar si jambo la ajabu. Kwenye hekta moja iliyo wazi hiyo ni mita za ujazo 500, yaani lita 500,000. Toa kinachozama ardhini, bado unabaki na mto. Hakuna saiti ya mjini yenye nafasi ya bwawa la kubeba hayo yote.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni mtaro wa juu. Wachimbe mtaro upande wa juu wa saiti, ukinge maji safi yanayotoka mlimani na kwa majirani, uyazungushe pembeni yashuke bila kugusa udongo uliochimbwa. Kazi ya siku chache kwa kijiko, na inapunguza maji yanayopita saiti kuliko kitu kingine chochote. Mwisho wa mtaro waweke mawe, la sivyo utachimba korongo jipya.

Cha pili, ile sehemu ambayo haijengwi hadi mwakani ifunikwe sasa. Nyasi kavu au mabua ya mpunga, tandaza hadi udongo usionekane. Tone la mvua likipiga nyasi halipigi udongo. Watu watakwambia pandeni nyasi za vetiva. Vetiva ni nzuri sana, mizizi yake inakwenda chini mita tatu na zaidi, lakini unaipanda kwa mvua, shina na shina sentimita 10 hadi 15, na inahitaji miezi kabla haijawa ukuta. Vuli hii haitakuokoa. Pandeni vuli hii ili masika ya Machi iwakute tayari.

Cha tatu, kifusi. Kirudi nyuma, mbali na ukingo, kifunikwe turubai, na upande wake wa chini wazungushie kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kilichoshikwa na vigingi. Hapa ndipo saiti nyingi zinafanya maonyesho. Kitambaa kinapigiliwa juujuu, mvua ya kwanza inapita chini yake. Lazima upande wa chini wa kitambaa ufukiwe kwenye mfereji wa sentimita 15 hivi, udongo ushindiliwe. Kifuate usawa wa mteremko, kisikatize njia ya maji, maana kikikatiza kitabebwa. Tope likifika nusu ya kimo chake linazolewa. Mkipita, angalieni hilo tu la kufukiwa. Mtajua kama mtu anafanya kazi au anapiga picha za ripoti.

Zege nalitaja peke yake kwa sababu hukulitaja. Maji yanayooshea mikisa (mashine za kuchanganyia) na mabomba ya zege yana pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ya 12 hivi. Kiwango cha Tanzania cha maji yanayoruhusiwa kumwagwa ni 6.5 hadi 8.5. Ndoo chache za maji ya zege kwenye kijito chembamba wakati wa kiangazi zinaua samaki, na maji yenyewe yanaonekana masafi, huoni rangi ya kukushtua. Wachimbe shimo, walitandike nailoni nzito, kila kinachooshwa kiishie humo. Kikikauka kinavunjwa, kinazolewa kama kifusi. Karatasi za kupimia pH zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, na shuleni kwako nadhani zipo. Pimeni siku ya kumwaga zege. Utaijua kwa foleni ya magari.

Tangi la dizeli liwe ndani ya kizingiti kinachoweza kubeba ujazo wote wa tangi na ziada ya asilimia 10. Vibarua wawe na vyoo. Haya mawili sina haja ya kuyaeleza.

Sasa tumwone nani. MtetaHaki ameeleza sheria vizuri, lakini saiti ikisimamishwa leo udongo unabaki wazi vilevile, na vuli itaukuta hivyohivyo hakuna mtu wa kuufunika. Nawaogopa sana waliosimamishwa kazi mwezi wa tisa. Mimi ningeanza na mhandisi mshauri, jina la kampuni yake liko kwenye bango la mradi. Cheti cha mazingira kinakuja na mpango wa usimamizi, na mpango huo una mambo haya karibu yote. Muulizeni swali moja: kipengele cha kuzuia mmomonyoko kiko wapi kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba), na kimeshaombewa malipo? Mkandarasi anafanya kilicholipiwa. Kikiwa kwenye BOQ na kimelipwa wakati saitini hakipo, mshauri ana swali la kujibu, maana yeye ndiye anayeidhinisha cheti cha malipo. Kama hakimo, bado kinaweza kuongezwa kwa maelekezo ya mabadiliko. Hapo mmeshika mahali panapoumiza bila kumpigia mtu kelele.

Kama fedha ni za mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 425 ulioanza 2021 kwa ajili ya vyuo vya umma, basi lazima kuna utaratibu wa kupokea malalamiko na mtu wa chuo anayeusimamia. Ulizeni jina lake.

Mwalimu wa Bondeni:

Nondo, Mungu akubariki. Nimechapa maelezo yako, nimeyabandika ubao wa klabu.

Msumeno, hoja yako ya mchicha ni ya haki na naijibu. Matuta ya mchicha yapo, na mengine yako karibu na maji kuliko ninavyopenda. Lakini wale mama wameacha ukanda wa matete kati ya matuta na maji, kwa sababu wao wenyewe wanategemea ukingo usibomoke, na wanamwagilia kwa maji hayohayo. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha kwamba maji ya kumwagilia sasa yanaacha ukoko kwenye majani, mchicha hauuziki mpaka uoshwe mara mbili. Tope likiongezeka wao ndio wa kwanza kupoteza. Na kama ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu itakuja kuweka bikoni (alama za mpaka) za mita 60, nitasimama nao tupange wanalima nini na wapi. Sitawaficha.

Kuhusu kijito kutokuwa na jina: vijito vya namna hii ndivyo vinavyoujaza mto Msimbazi. Mchanga unaofukia Jangwani, kule chini mjini mto unakopita, haukuzaliwa Jangwani. Umetoka juu, Pugu na Kisarawe na mabonde ya njiani, kila saiti na kila mteremko uliovuliwa nguo ukichangia. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu zaidi ya 40. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Pesa ya kuzoa mchanga chini tunaikopa, halafu mtaro wa juu wa siku chache tunauona gharama? Hilo linaniuma kweli.

Nondo, kuhusu vipimo hujanijibu. Tukisema tope ni la saiti, watasema limetoka juu.

Nondo 16:

Chukueni sampuli mbili kila mara, moja juu ya saiti na moja chini yake, ndani ya robo saa, mvua ikiwa ndiyo inakatika. Mahali palepale kila mara, pigeni kigingi. Sampuli ya chini peke yake haina thamani mbele ya mtu yeyote. Zikiwa mbili, tofauti ndiyo saiti, mradi kati ya vigingi pasiwepo mtaro mwingine unaoingia. Mkiuona, weka sampuli ya tatu mdomoni mwake.

Kiwango cha kitaifa cha chembe zinazoelea kwenye maji yanayomwagwa ni miligramu 100 kwa lita. Hilo litapimwa maabara. Nyinyi hamhitaji maabara kila siku. Tafuteni bomba la plastiki angavu la kimo cha mita, chini gundisheni kisahani chenye alama nyeusi na nyeupe, mwagieni maji taratibu huku mtoto anachungulia kwa juu, alama ikipotea soma kimo. Andikeni tarehe, saa, juu, chini. Zikifika mvua kadhaa mna daftari ambalo afisa wa manispaa hawezi kulirudisha mezani.

Mkaazi wa Ughaibuni:

Naongeza kidogo. Nasoma Berkeley, California. Katikati ya chuo hapa kunapita kijito, Strawberry Creek. Miaka ya 1980 kilikuwa mfereji wa maji machafu. Mwaka 1987 chuo kilitoa mpango wa kukirejesha: wakasaka mabomba ya majitaka yaliyounganishwa kimakosa, wakaziba, wakajenga upya kingo zilizobomoka. Mwaka 1989 samaki wa asili wadogo walirudishwa majini, na wanafunzi wanakitumia kama darasa. Ujenzi haukukoma, ila mifereji ya mvua ya chuo inaingia moja kwa moja kijitoni bila kusafishwa, kwa hiyo saiti zinabanwa sana kwenye matundu ya mifereji. Mwalimu, muulizeni mshauri: mfereji wa mvua wa hosteli utamwaga wapi jengo likishakamilika? Ujenzi unaisha, paa na maegesho yanabaki, na maji yanayokimbia kwenye sakafu ngumu yanakula kingo miaka yote.

Mwalimu wa Bondeni:

Nimerudi na taarifa. Tulikwenda mimi, mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja wa mchicha na vijana wawili na daftari lao. Mhandisi mshauri alitupokea vizuri, akatoa viti. Lile swali la BOQ lilimfanya afungue faili palepale. Kipengele kipo na hakijaombewa malipo. Akamwita msimamizi wa saiti, wakazungumza mbele yetu.

Kifusi kimeanza kusogezwa jana. Mtaro wa juu umekubaliwa, na kitambaa kimeagizwa. Shimo la maji ya zege lipo tangu jana lakini bila nailoni, na kijana wangu mmoja alilisema hilo kwa adabu mbele ya wakubwa. Nilijisikia fahari sana. Tulichokwama ni bwawa. Sehemu ya chini inayofaa wameitenga kwa maegesho. Mshauri amesema ataangalia kama bwawa linaweza kukaa hapo wakati wa ujenzi, maegesho yakaja mwisho. La mfereji wa hosteli hakuwa na jibu, akaomba wiki mbili. Barua ya ofisi ya bonde tumepeleka pia, kuomba bikoni, na MtetaHaki amenisaidia kuiandika faraghani. Ahsante ndugu yangu.

Sasa limezuka jingine. Msingi wa jengo la pili unakwenda chini sana, upande wa chemchemi. Fomeni amesema watakuta maji na pampu tayari imekodiwa. Wataelekeza wapi?

Nondo 16:

Hapo fungueni macho mawili, mwalimu.

Moja, maji ya shimoni yana tope zito, na pampu ikielekezwa kijitoni moja kwa moja mtaro na kitambaa vyote vinakuwa kazi bure. Yapite kwanza kwenye tangi la kutuamisha au mfuko wa jiotekstaili uliolazwa juu ya nyasi, mbali na ukingo, ndipo yashuke.

La pili ni kubwa zaidi. Pampu inashusha maji ya chini ya ardhi kuzunguka shimo. Kama shimo linakula mkondo uleule unaolisha chemchemi, chemchemi itapungua au itakata, na kijito kitategemea pampu. Waombe maji yaliyotuama yarudishwe kijitoni karibu na chemchemi, siyo chini ya kalavati wala kwenye mtaro wa barabara. Na kuyapampu maji hayo kwa wingi ni jambo ambalo ofisi ya bonde inapaswa kulijua. Ongezeni aya moja kwenye barua yenu.

Kabla pampu haijawashwa, pimeni chemchemi. Ndoo ya lita 10 na saa ya simu, inajaa kwa sekunde ngapi, asubuhi na jioni, kuanzia kesho. Pampu ikishaanza, kipimo cha mwanzo hamtakipata tena.

Mwalimu wa Bondeni:

Ndoo ipo. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunashuka, kabla ya kengele ya gwaride. Aya ya barua naiandika usiku huu.